Stuli ya Baba

  Mimi ni nesi, naishi Kibiti, na humu huwa tunaongea mambo ya afya ya nyumbani kama vile tumekaa barazani. Wiki hii niliahidi somo la minyoo kwa watoto. Minyoo itasubiri kidogo. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu mwaka jana, na juzi mama mmoja kaniuliza kliniki, "Sista, mzazi wangu kapooza, nimfanyie nini nyumbani?" Nikamjibu kwa dakika tano maana foleni ilikuwa ndefu. Jibu lenyewe halitoshi dakika tano. Kwa hiyo nakuandikia wewe na yeye pamoja.

Ni habari ya stuli. Ndiyo, stuli ya kukalia. Vumilia, utaelewa.

SEHEMU YA 1: MDOMO ULIPOKWENDA UPANDE

Baba yangu ni fundi seremala wa delta. Amezaliwa huko visiwani, ambako Rufiji inagawanyika mito mito kabla ya kuingia baharini, na huko ndiko alikotulelea. Kazi yake ilikuwa mashua, mitumbwi, milango na vitanda. Kama umewahi kupita delta unajua kwamba mtu asiye na chombo huko ni kama mtu asiye na miguu, kwa hiyo fundi wa vyombo hakosi kazi. Tulisoma kwa msumeno wake na tezo yake. Diploma yangu ya uuguzi imelipwa kwa mbavu za mashua, na ninasema hivyo bila kuongeza chumvi.

Baba alikuwa na presha. Tuliijua. Alipewa dawa, akameza miezi kadhaa, akajisikia vizuri, akaacha. Nilipomuuliza kwa simu alinijibu, "Mwanangu, nimeshapona." Nikamsisitiza, akasema sawa. Mimi nikaamini ile sawa kwa sababu ilinirahisishia siku. Nawaambia wagonjwa wa watu kila asubuhi kwamba dawa ya presha haiachwi kwa sababu unajisikia vizuri, kwamba unajisikia vizuri kwa sababu unaimeza. Wa kwangu nilimwambia mara moja, nikakata simu.

Siku ilipotokea alikuwa anapiga randa asubuhi. Kwa maelezo ya kaka yangu, randa ilimdondoka mkononi, akainama kuiokota, mkono wa kulia ukakataa. Akataka kusema, maneno yakatoka kama ya mtoto. Mdomo umekwenda upande. Majirani wakasema ni upepo. Akaitwa mtu wa kumsomea, akasomewa. Akapewa uji, akapaliwa, akakohoa mpaka macho yakawa mekundu. Hapo ndipo kaka aliponipigia.

Nilimwambia maneno matatu tu: usimpe kitu mdomoni, mlaze kwa ubavu, tafuta boti. Lakini maji yalikuwa yamekupwa. Wa delta mnanielewa. Maji yakipwa, ule mfereji unaoingia kijijini unabaki tope, na hakuna injini inayopita kwenye tope. Walisubiri maji yajae, ndipo wakamvusha hadi Nyamisati, na kutoka pale kwa gari mpaka hospitali. Saa ambazo ubongo unazihitaji zaidi zilipotelea kwenye uji na kwenye tope.

Tope simlaumu mtu. Ila uji na kusubiri kuona kama "itapita" tunaweza kuviacha. Kwa hiyo kabla sijaendelea, shika haya leo leo. Mtu mzima akibadilika ghafla, mwambie atabasamu: uso umekwenda upande mmoja? Mwambie anyanyue mikono yote miwili: mmoja unashuka? Mwambie ataje jina lake: maneno yanavurugika? Likijibu ndiyo hata moja tu kati ya hayo matatu, hicho ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo. Tazama saa ilikuwa ngapi, usimpe chakula wala maji wala dawa ya kumeza, na umwahishe hospitali. Kama mnataka kumwombea, mwombeeni njiani.

Baba alipona kifo. Upande wa kulia ukabaki mzito, na maneno yakabaki mbali. Anaelewa kila unachomwambia, lakini akitaka kujibu, neno analolitaka halimjii, linakuja lingine, au haliji kabisa. Tulimleta kwangu Kibiti. Vifaa vyake vikaja baadaye kwenye gunia: msumeno, randa mbili, patasi, tezo, kekee ya zamani. Kaka alivileta bila kuulizwa. Baba alipoliona lile gunia alilia.

SEHEMU YA 2: STULI YA KWANZA

Jana niliishia kwenye gunia.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mwembe, na chini ya mwembe tuna banda la makuti. Baba watoto akasema, "Tumwekee mzee meza yake pale, hata kama hafanyi kitu, aone vifaa vyake." Tukamtafuta fundi wa mtaani, akatupigia meza nzito ya useremala, urefu sentimita 85 kutoka chini, miguu yake imefukiwa ardhini ili isitikisike. Urefu huo ni wa mtu anayefanya kazi amesimama. Hatukuuliza, ndiyo urefu wa meza zote za mafundi.

Shida ni kwamba baba hawezi kusimama muda mrefu. Mguu wa kulia unachoka baada ya dakika chache, na mtu aliyepooza akichoka anaanguka. Anahitaji kukaa. Kiti cha plastiki cha sebuleni kikawa kifupi, meza ikamfika kifuani. Nikasema basi nitamtengenezea stuli mimi mwenyewe. Mtoto wa fundi siwezi kushindwa stuli. Na wallahi nilikuwa na sababu nyingine: nilitaka nimlipe. Deni la diploma.

Kaka akapiga simu kutoka kijijini akasema atanikatia miguu ya mkandaa, miti imejaa. Baba alisikia kwenye spika ya simu, akatikisa kichwa kwa hasira mpaka nikaogopa presha. Mikoko ile ni msitu wa hifadhi, haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na yeye maisha yake yote alikata kwa kibali. Anajua pia kwamba kingo za mito ya delta zimeshikwa na mizizi ile, na kamba wadogo wanakulia humo humo. Basi nikaenda kwa fundi wa mtaani, nikaomba vipande vyake vya mabaki.

Niliijenga jioni tatu baada ya zamu. Nilichagua stuli ya miguu mitatu. Nilikuwa na sababu nzuri kabisa, isikilize: sakafu ya banda ni udongo, haiko sawa. Kitu cha miguu minne kwenye udongo kinacheza, mguu mmoja unaning'inia. Kitu cha miguu mitatu hakichezi popote utakapokiweka. Ndiyo maana vigoda vya bibi zetu vilikuwa na miguu mitatu, na jiko la mafiga lina mafiga matatu. Nikajiona nina akili. Nikakata kikalio cha mviringo, nikaweka urefu wa sentimita 60 ili kilingane na meza, nikaweka ufito wa kukanyagia miguu.

Wakati nakata, baba alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki. Akanyoosha mkono wa kushoto, akanionyesha vidole vinne. Mdomo ukahangaika: "Nn... nn..."

Nikatazama simu. Ilikuwa kama saa tatu na nusu asubuhi, Jumamosi. Nikacheka nikamwambia, "Chai ya saa nne inakuja baba, usijali. Leo kuna na maandazi."

Akatikisa kichwa. Akaonyesha tena vidole vinne. "Nn..."

"Najua baba. Saa nne. Mama wa watoto wako keshabandika maji." Nikaendelea kukata.

Alishusha mkono. Akanitazama muda mrefu, halafu akatazama mwembe.

Mama yangu, wewe unayesoma umeshaelewa. Mimi nilikuwa na cheti ukutani na sikuelewa.

SEHEMU YA 3: ALIVYOANGUKA

Alikaa juu ya ile stuli siku sita. Siku ya saba nilikuwa ndani napanga nguo za zamu ya usiku. Nikasikia kishindo, halafu binti yangu wa miaka sita akapiga kelele, "Babu!"

Patasi ilikuwa imelala mezani upande wake wa kulia. Akainama kulia kuifuata kwa mkono wa kushoto. Uzito wote wa mwili ukapita katikati ya miguu miwili ya stuli, pale ambapo hapana mguu, stuli ikapinduka. Miguu yake haikuwa imegusa chini, ilikuwa kwenye ufito, kwa hiyo hakuwa na cha kujizuia nacho. Na aliangukia upande ule ule usio na nguvu. Mkono wa kulia haukunyooka kumkinga. Mtu mzima alianguka kama gunia.

Nilimkuta chini, paji la uso linavuja damu. Hapa niseme kitu: usimnyanyue mtu aliyeanguka kwa haraka, hata kama roho inakuuma. Nilimwacha pale pale kwanza. Nikaangalia kama ananitambua, kama uso umebadilika kuliko jana, shingo, nyonga, kama mguu mmoja umefupika au umegeukia nje. Halafu ndipo tukamnyanyua mimi na baba watoto, bila kumvuta mkono wa kulia. Mkono uliopooza ukiuvuta, bega linaweza kuchomoka kwa urahisi, maana misuli inayolishikilia imelegea. Hospitali wakasema hakuna kilichovunjika. Alishonwa nyuzi nne.

Nyuzi nne. Nilipozihesabu ndipo kichwa kilipofunguka. Nimekaa kwenye benchi la hospitali ninayofanyia kazi, nimevaa sare, nikajikuta nanyoosha vidole vyangu vinne na kuvitazama.

Hakuwa anaomba chai. Alikuwa ananiambia miguu minne.

Nilimuuliza usiku ule. Nilikaa chini mkekani, nikamwambia, "Baba, siku ile, vidole vinne. Ulikuwa unasema miguu ya stuli?" Alifumba macho akaitikia kwa kichwa. Nikamwomba radhi. Akajaribu kusema kitu, na safari hii nikafunga mdomo wangu. Nilihesabu moyoni. Ilichukua muda ambao mimi, kwa mazoea yangu ya wodini, ningeshamalizia sentensi mara tano na kwenda kitanda kingine. Likatoka: "Hu... husikii."

Neno moja tu. Amenikanya mara nyingi maishani, lakini hilo ndilo lililoniingia.

Dada zangu, mtu aliyepoteza maneno hajapoteza akili. Nilifundishwa hivyo chuoni na nikafaulu mtihani. Lakini tunaharakisha. Tunawamalizia wazee sentensi, tunawamalizia watoto sentensi. Mtoto anasema "mama, ti...", tunasema "unataka tikiti, haya chukua," kumbe alitaka kusema tumbo. Kuanzia usiku ule nina utaratibu: namuuliza swali moja, lenye majibu mawili tu ikiwezekana, kisha nahesabu kimoyomoyo mpaka 10 kabla sijafungua mdomo. Akionyesha kwa vidole, narudia nilichoelewa na kumuuliza kama ndicho. Akitikisa kichwa, najua nimekosea mimi, nauliza upya. Sirudii kosa kwa sauti kubwa zaidi, maana tatizo lake si masikio.

SEHEMU YA 4: STULI YA PILI

Baada ya kuanguka baba alikataa banda. Wiki mbili. Anakaa kitandani anatazama ukuta, chakula anakisogeza. Akatamka kwa tabu kwamba yeye sasa ni mzigo. Nikajua nikimwacha hivi, kile kiharusi hakikumuua lakini ukuta utamuua.

Sikumwambia "baba nitakutengenezea stuli nyingine." Nilichukua ubao, penseli, nikaweka mapajani pake, nikamwambia, "Baba, nifundishe. Mimi mkono, wewe fundi." Alikaa kimya. Nikahesabu mpaka 10, nikapita 10. Halafu akachukua penseli kwa mkono wa kushoto.

Alianza kwa kuchora duara. Ndani ya duara akatia pembetatu. Pembeni akachora duara lingine sawasawa na lile, ndani akatia mraba. Akaweka kidole katikati ya pembetatu, akakisogeza mpaka kwenye ukingo: karibu sana. Akafanya vile vile kwenye mraba: mbali zaidi. Nilikwenda kupima kwa rula. Miguu ikiwa sentimita 20 kutoka katikati, pembetatu inakupa sentimita 10 tu kabla mwili haujavuka ukingo na kupinduka. Mraba unakupa 14. Miguu mitatu haichezi, ni kweli, lakini inapinduka upesi. Kwa mtu mwenye mwili mzima si neno, maana anajizuia kwa mguu. Kwa mtu wa upande mmoja, zile sentimita ndizo zinazomweka kitini.

Sasa nakuandikia vipimo, maana najua mtaniuliza kwenye maoni. Usivichukue kama vilivyo, pima mtu wako.

Kwanza urefu. Mkalishe akiwa amevaa viatu vyake, pima kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti. Baba ni sentimita 44. Tukaweka kikalio sentimita 48. Kiti kikiwa juu kidogo ya goti, mwenye mguu dhaifu anasimama kwa urahisi. Kikiwa chini ya goti anazama na hawezi kunyanyuka bila kuvutwa. Lakini kisizidi mpaka nyayo zikaacha sakafu. Nyayo zote mbili lazima zikanyage chini bapa. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu kubwa, ile stuli ya sentimita 60.

Sasa meza? Meza ni ya 85 na mtu amekaa 48. Nilikuwa nimekazana kumpandisha mtu aifuate meza. Baba akaonyesha chini. Meza ishushwe. Na hatukukata kitu: miguu ilikuwa imefukiwa, basi baba watoto na kijana wa jirani wakafukua, wakaizamisha sentimita 15 zaidi, wakashindilia udongo na mawe. Meza ikawa 70, chini kidogo ya kiwiko cha baba akiwa amekaa. Kazi ya asubuhi moja. Nilijisikia mjinga kwa furaha.

Pili upana. Kikalio ni mraba wa sentimita 36, ubao wa mninga wa inchi moja na nusu, maana mninga haupindiki ovyo. Miguu minne ya mkongo, mbili kwa mbili, imetanuliwa nje, chini inakanyaga mraba wa sentimita 46. Kutoka katikati mpaka ukingo ni 23. Linganisha na zile 10 za mwanzo. Mkongo ni mzito, na uzito huo ni faida, stuli haisogei mtu anapokaa.

Tatu viungo. Mimi nilitaka misumari. Baba aliokota msumari wenye kutu, akausugua kwa kidole, akanionyesha wekundu. Huku kwetu unyevu hauishi, msumari unaoza na tundu linapanuka. Kila mguu ukachongwa ulimi, ukapenya kikalio mpaka juu, ukapasuliwa kidogo kichwani na kupigiwa kabari na gundi. Matundu yalitobolewa na fundi wa mtaani, sikuthubutu kutoboa kwa kulaza. Chini tukaunganisha miguu kwa fito nne. Mbao zote kavu, maana mbichi ikikauka inasinyaa na ulimi unalegea.

Nne mgongo. Baba hakutaka mikono ya kiti, inamgonga kiwiko anapokata. Mimi nilitaka azungukwe pande zote kama mtoto. Tulibishana, yeye kwa penseli na mimi kwa mdomo, na akanishinda. Tukaweka egemeo la sentimita 20 nyuma na upande wa kulia, ule dhaifu. Kushoto wazi, anaingilia na kutokea hapo, na msumeno una nafasi.

Tano kusawazisha, na hili ndilo jibu la wasiwasi wangu wa miguu minne. Ile sehemu ya udongo tulishindilia, tukamwaga zege jembamba. Stuli tukaiweka juu ya ubao ulionyooka, tukachomeka vijikabari chini ya miguu mpaka pimamaji ikatulia kwenye kikalio. Halafu baba akalaza penseli juu ya kipande cha mbao, akakizungusha kwenye kila mguu akichora mstari kwa urefu ule ule. Nikakata kwenye mistari. Haikucheza hata kidogo. Siku ile aliichora mistari minne peke yake kwa mkono wa kushoto, na mguu wa mwisho aliushika kwa mkono wa kulia. Haukushika vizuri. Lakini uliupata.

Hatukumkalisha yeye kwanza. Tulimkalisha baba watoto, kilo zake 80, akainama mbele, nyuma, kushoto, kulia, akajirusha. Ndipo zamu ya baba.

SEHEMU YA 5: MWISHO

Tunamalizia leo.

Tuna kanuni bandani, na nyingi zinakuhusu wewe mwenye watoto wadogo hata kama huna mgonjwa. Vifaa vyote vimetundikwa kwenye misumari upande wa kushoto, mkono unapofika bila kuinama. Hakuna kitu chini. Tina na vanishi viko juu, vimefungwa, kwenye makopo yake. Kamwe visitiwe kwenye chupa ya soda, hata kwa dakika moja. Nimepokea watoto waliokunywa mafuta ya taa wakidhani ni maji. Ikitokea, usimtapishe na usimpe maziwa, kimbia hospitali na chupa yenyewe mkononi. Wakati wa kupiga msasa, mtoto mchanga akae mbali na vumbi. Watoto hawapandi stuli kuchukua kitu juu. Binti yangu ndiye askari wa kanuni hiyo, anatugombeza hadi sisi.

Kusimama tulimfundisha hivi, na wewe mfundishe wako. Asogee ukingoni mwa kiti, avute nyayo nyuma chini ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume. Wewe simama upande wake dhaifu, mkono wako kiunoni pake, si kwapani. Na mkono uliopooza usining'inie. Ukae juu ya meza, auone, autumie hata kushikilia karatasi tu. Mkono usiotumika unasahaulika.

Presha yake anapima kila Jumatatu, na dawa anameza mbele ya mjukuu, anayetia alama kwenye kalenda. Siamini tena ile sawa ya kwenye simu. Hebu wewe ukimaliza kusoma hapa mpigie mzazi wako. Usimuulize "unameza dawa?" Muulize "zimebaki ngapi?" Kama hajawahi kupima, apime hata kama anajisikia mzima. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, hiyo ni presha, iwe inauma au haiumi. Mara nyingi haiumi.

Kazi ya kwanza ya baba juu ya stuli yake ilimchukua mwezi. Zamani angeimaliza kabla ya adhuhuri. Ni kigoda kifupi cha kukalia mama anayenyonyesha, cha jirani yetu aliyejifungua majuzi na alikuwa ananyonyeshea kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo unamuuma. Mbao zimebanwa kwenye jiriwa, msumeno mkono wa kushoto, mistari imepinda pinda kidogo. Fundi wa mtaani alipita akakitazama, akataka kusema kitu kuhusu mistari, akaghairi. Akasema, "Shikamoo mzee." Baba akamjibu, neno zima, "Marahaba."

Jirani alitaka kulipa. Baba akanyoosha vidole. Vitano.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema "elfu tano." Nikaufunga. Nikahesabu.

"Tano," akasema baba. "Ma... maandazi."

Tukacheka wote mpaka mtoto mchanga akaamka.

Ile stuli ya miguu mitatu sijaichoma. Iko jikoni kwangu, nimeikata miguu imekuwa fupi, naikalia nikichambua mchele. Inanifaa, sababu mimi nina miguu miwili mizima ya kujizuia. Na kila nikiikalia nakumbuka kunyamaza kidogo kabla ya kujibu watu.

Wiki ijayo minyoo, safari hii kweli. Niachieni maswali yenu hapa chini, yale ya mgonjwa wa kiharusi nyumbani nitayajibu moja moja nikitoka zamu. Yule mama wa kliniki, kama umefika hapa, samahani kwa zile dakika tano. Njoo Alhamisi mchana, foleni huwa fupi. Njoo na kipimo cha goti la baba yako.